Gamalieli wa Kitale

Dada Rehema,

Habari za huko? Huku ughaibuni, Toongabbie, baridi ya Julai inapenya hadi kwenye soksi.

Jana Naliaka, yule binti wa kwaya yetu ya Kitale ambaye sasa ni nesi katika hospitali ya Westmead hapa, aliwafundisha viongozi wa vijana kuhusu Gamalieli, mwalimu wa Kiyahudi aliyewaambia wazee wenye wivu wawaache mitume. Akasema, "Mimi pia nilikuwa na Gamalieli wangu kule Kitale."

Nikafunga vifungo vya koti, nikaanza kuinuka. Mwenyekiti wake wa kwaya miaka yote si nilikuwa mimi?

Akakutaja wewe! Kumbe hajasahau kikao kile nilipotaka kupiga marufuku gitaa la vijana wa kwaya, nawe ukasema, "Mwenyekiti, waache waimbe." Ikabidi nijifanye naenda kuongeza chai. Msichana mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama nakufahamu. Nikamwambia, "Kidogo."

Nakuonea wivu, dada. Mungu akutunze hivyo hivyo. Jumapili waambie vijana wapige gitaa kwa nguvu. Mimi nitamtafuta yule msichana, nimwambie nakufahamu vizuri.

Mwenyekiti wako,
Barasa