Chuma Shingoni mwa Furaha

Mume wangu Papa Furaha, uliye mbali Walikale,

Tangu juzi naogopa hata kuku akikwaruza mlangoni. Kapita, yule msimamizi wa shamba, anapita nyumba kwa nyumba hapa Kingi. "Chuchu ya grisi ya trakta, kale kachuma ka kuingizia mafuta, imepotea," anasema. "Muchanga imeingia, gurudumu imekufa. Mwenye tutakuta nayo, atakula fimbo."

Unakumbuka, ulipokuwa fundi wa mashine za shamba, ulivyokuwa ukileta vyuma vichafu vya grisi kwenye debe, tukaviosha pamoja kwa mafuta ya taa? Ulinipima kama mwalimu: "Hii njo ya wapi, Mama Furaha?" Nikikosea, ulicheka mpaka ukashika mbavu. Lakini nilijua mwishowe. Vya plau ya zamani ni vikombe vyenye kifuniko cha kusokota kwa vidole. Vya trakta ni vidogo, na kwenye ncha kuna gololi kama punje ya mtama. Ukiibonyeza inazama, ukiachia inarudi.

Kisha Furaha akazaliwa, baada ya wale wawili tuliowazika. Mama yako akataka avikwe chuma cha kazi ya baba yake. Alisema aliyemfunga ndiye amfungue, la sivyo atawafuata wenzake. Ulimfunga kitu ulichokishonea kitambaa. "Iko ya plau ya zamani, ile inaoza mu majani," uliniambia, nami nikakuamini. Haukupita muda ukaenda kutafuta kazi ya barabara.

Leo asubuhi nilifumua kitambaa kidogo, nikabonyeza kwa ukucha. Gololi ilizama, ikarudi.

Papa Furaha, ni cha trakta! Nikawaza: Nikikuita uje umfungue, watakukamata. Nikimwacha nacho, kapita atakiona. Nikimfungua mimi, sitaki hata kuandika.

Kisha nilimsikia kapita akipindua vyungu kwa jirani. Nikakata uzi kwa kisu, nikatupa chuma chooni. Alipoingia, mtoto alikuwa akinyonya, shingo tupu. "Mutoto muzuri," akasema, akaenda zake.

Sasa Furaha amelala kifuani pangu. Kila akikohoa, nashtuka. Nimekukasirikia, na ninakutamani vibaya sana.

Choma barua hii. Usirudi mpaka nikuite. Ila ukimaliza kuisoma, nyoosha mikono yako, ufungue uzi ule hewani, polepole, kama yuko mbele yako. Labda itahesabiwa kuwa ni wewe.

Mkeo anayekulindia mtoto,
Mama Furaha