Mheshimiwa wa Tumboni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimerudi kazini, duka la mabomba, River Road. Makau, mwenzangu wa kaunta, alinitazama kila mahali isipokuwa tumboni. Nikamwambia, uliza tu. Akauliza choo inapitia wapi sasa. Nikamweleza kama mteja: daktari alikata kipande cha utumbo chenye kansa, akatoa laini mpya ubavuni, na mwisho wa laini kuna mfuko. Makau akafikiria.

"Kumbe ulihitaji fundi wa mabomba tu."

Tulicheka mpaka mteja akaenda duka la pili.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani, katikati ya maombi ya kimya, tumbo likanguruma kupitia ule mfuko. Sauti ndefu. Hakuna breki huko, nimejaribu. Nimeubatiza mfuko Mheshimiwa — huongea bila kuulizwa na hakuna wa kumnyamazisha.

Watu wa benchi ya nyuma walicheka. Mke wangu, Phoebe, hakucheka. Tangu nitoke hospitali analala sebuleni. Nikianza kubadilisha mfuko, anatoka kuanua nguo, hata kama kamba ni tupu.

Mimi huuliza kila kitu. Kwa nini kabeji inaleta gesi na sukuma wiki haileti? Lakini hilo la sebuleni sijauliza.

Alhamisi, 13 Machi

Nesi Mwihaki wa kliniki amepiga simu. Kuna mama anaitwa Mwongeli, anauza nguo Dagoretti Corner. Kansa kama yangu. Amekataa operesheni kwa sababu ya mfuko. Daktari ameongea, pasta ameomba — wapi, hasikii.

"Kuja umwongeleshe, Jackton. Wewe huucheka mfuko wako."

Phoebe amesema atanisindikiza. Sikutarajia.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa kwa benchi, nje ya chumba cha nesi.

Mwongeli alisikiliza hadithi zangu zote za Mheshimiwa, akatabasamu kwa adabu. Kisha akauliza, "Na wewe na mama huyu, bado mnalala kitanda kimoja?"

Nilitafuta mzaha.

Phoebe ndiye alijibu. "Mimi ndiye nilihama. Mimi hugeuka-geuka usingizini. Niliogopa nitamlalia, kidonda kifunguke. Hata kukitazama niliogopa." Akaninyoshea kidole. "Na yeye hakuwahi kuniuliza."

Muda huu wote nilidhani ni kinyaa.

Mwongeli akaomba kuona. Nikainua shati. Phoebe naye akasogea, akainama, akagusa ukingo wa mfuko kwa kidole kimoja. Mara ya kwanza. "Kumbe ni wa joto," akasema. Nilisimama pale kama mtoto anayepimwa sare. Mwongeli akaanza kuuliza maswali — ya kuoga, ya nguo, ya harufu — lakini alikuwa akimuuliza Phoebe, si mimi. Halafu wakaniomba nitoke.

Mlango umefungwa. Mwongeli hajasema ndiyo, hajasema la. Nesi amepita mara mbili akiniangalia, nikainua mabega. Nimesogea mwisho wa benchi ili nisikie. Sauti ziko chini sana.

Sasa wanacheka. Wote wawili. Sijui ni nini kinachowachekesha.