Asili ya Neno Gereza

Dada yangu,

Sijambo, ni kikohozi tu. Humu wananiita Ticha, maana nawafundisha wenzangu lugha. Jana kinyozi wetu aliniuliza, "Ticha, hili neno gereza limetoka wapi?"

Nikamwambia, "Kwa Wareno. Wao husema igreja, Wahispania iglesia, Wafaransa église. Maana yake kanisa. Asili yake Kigiriki, mkutano wa watu walioitwa."

"Kumbe tumeitwa!" Akacheka, nami nikacheka, mpaka kicheko kikageuka kilio. Asubuhi ile rufaa yangu ilikuwa imetupwa. Imebaki miaka kumi na minane.

Mama usimwambie. Wanangu waandikishe shule kwa jina la shemeji. Nawe usije tena, dada. Kila ukiondoka, siku tatu chakula hakipiti.

Mdogo wako