Mkono wa Shangazi Yako

Mjukuu wangu Zuwena,

Wewe mtoto huna haya. Tangu sikukuu ndogo hujatia mguu Mkunazini, na kubwa nayo imepita. Kila nikikupigia simu unanambia kazi nyingi. Kwani huko Dar boti zimekwisha? Bi Sharifa wa mlango wa pili ndiye anayeniandikia, maana mimi skuli sikuingia hata kufagia, na nshamwambia asinipambie maneno.

Jana shangazi yako Mwanaidi alikuja kutoka Uroa na habari, na tangu aondoke nakuwaza wewe tu.

Unakumbuka siku aliyokaa kitandani kwangu akasema anaacha kazi? Hoteli anayofulia huko Uroa ilileta dawa mpya za kutolea madoa, kali, na kila dobi lazima afunzwe kuzitumia. Asiyefuzu atafute pengine. Mjane yule, watoto wanamtazama yeye, na bado aliona bora aache kuliko kukaa darasani ajulikane hajui kusoma mbele ya wasichana aliowazidi umri. Nawe ndiye uliyepewa kazi ya kutayarisha mafunzo yale. Ukamwambia, "Shangazi, njoo siku moja tu. Ukichoka, ondoka." Akakubali kwa ajili yako, na mimi nikamsindikiza ili asigeukie njiani.

Nilidhani ntakuta ubao na madawati. Wewe uliwakalisha mkekani, ndani ya chumba chao wenyewe cha kufulia, mashine zikiwa nyuma yao. Ukatoa picha ulizochora. Ya kwanza ilikuwa mkono wenye mabaka mekundu, vidoleni mpaka kiganjani. Ukawauliza inasema nini. Wakatazamana, wakatabasamu. Bi Mize, mkubwa wao, akasema huyo ni bibi harusi katiwa hina, basi dawa hiyo lazima ni ya kufulia nguo za harusini. Mmoja akapiga kigelegele.

Na wewe maskini ulichora mkono ulioungua.

Baba yako angenuna pale pale. Mimi ningewatukana. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, ukaichana picha yako kwa mikono yako, ukawauliza, "Basi nyinyi mngenionesha vipi kwamba inaunguza?" Ukanyamaza. Ukanyamaza mpaka nikaona haya kwa niaba yako, nikataka kukufinya useme kitu.

Hapo Mwanaidi akafanya jambo nisilolitarajia. Unajua alivyokuwa akiuficha ule mkono wa kushoto ndani ya kanga tangu dawa ya zamani ilipomrukia kazini. Harusini anauficha, msibani anauficha, hata kwangu mimi mamake. Akautoa. Akaunyoosha katikati ya mkeka, ngozi imekunjana kama karatasi iliyopitiwa na moto, akasema, "Chora huu."

Hakuna aliyecheka. Bi Mize aliushika, akaubusu.

Kisha maneno yakafunguka. Huyu akaeleza alivyokohoa wiki nzima, yule alivyochanganya dawa mbili kwenye ndoo moja akakimbilia nje anatafuta pumzi. Wewe unachora, unawaonesha, wanakwambia siyo hivyo, unafuta, unachora tena. Ilipofika alasiri ukuta ulikuwa umejaa, na mkono wa shangazi yako juu ya picha zote.

Zuwena, mwili ulinisisimka, na hata sasa ninavyosema unanisisimka. Mimi walimu niliwatazama kupitia dirisha la skuli, nikipita na mzigo kichwani, na nlichokiona ni mtu mmoja anasema na wengine wamefunga midomo. Sikujua kama mtu mzima anaweza kufunzwa na asidhalilike. Na mtihani wako! Hakuna aliyeshika kalamu. Kila mtu alionesha kwa mikono yake. Mwanaidi alivaa glavu, akafungua madirisha, akachagua dawa pasi na kusita, akafuzu. Nlikutazama nikajiuliza, huyu si ndiye niliyekuwa nikimpangusa makamasi kwa ncha ya kanga? Haya kayatoa wapi? Sikukwambia siku ile kwa sababu ungevimba kichwa. Leo nakwambia, vimba.

Sasa sikiliza alichonambia jana. Hoteli imechukua madobi wapya, na mkuu wao kamwambia yeye ndiye atakayewafunza, kwa picha zile zile. Anaanza wiki ijayo. Hali chakula, halali usiku. Kaniuliza, "Mama, wakiniuliza nisilolijua?" Nikamwambia awaulize wao, kisha anyamaze. Maneno yangu hayamtoshi, anakutaka wewe, na kukwambia anaona haya.

Basi panda boti. Usianze kwangu, mimi sikimbii. Nenda Uroa moja kwa moja, umwamkie shangazi yako, ukae mkekani nyuma kabisa pamoja na hao madobi wapya. Akikosea, funga mdomo wako. Waache wao wamsahihishe, kama ulivyosahihishwa wewe.

Ni mimi,
bibi yako wa Mkunazini