Kiti cha Katikati

Shikamoo Mama Mkubwa,

Tabora ni joto na vumbi, na mimi nina hasira tangu asubuhi. Chuoni wametupanga wanafunzi wapya kwa dini, Wakristo kushoto na Waislamu kulia. Nikabaki katikati peke yangu.

"Wewe huna dini?" kiongozi wa wanafunzi akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nasali kama alivyosali marehemu mama, kwa maji na unga wa mtama, nikiwataja wazee wetu.

"Basi mpagani. Chagua upande."

Ukumbi ukacheka. Mama aliamka kila alfajiri kutuombea kabla hajasema na mtu, leo wanasema hakuwa na dini.

Ndipo msichana wa Kizaramo akatoka kwa Waislamu, akavuta kiti kando yangu. "Huyu Mnyamwezi ni mtani wangu," akawaambia. "Kumcheka ni haki yangu mimi. Ninyi nani kawapa?" Wasukuma wawili nao wakaja kukaa nasi, maana kwao pia wanatambika.

Kiongozi ametuandika sote "hawana dini". Kesho tunarudi wote wanne, mtani akiwa mbele, kumwambia afute.

Yapumzishe magoti yako yanayokuuma, Mama Mkubwa, wala usinihofie. Bwaloni sili tena peke yangu.

Mwanao,
Nyamizi