Ile Nyekundu Chini ya Turubai

Jumatatu, 7 Mei 2018

Nimeanza. Hatimaye!

Ng'ombe wa mwisho aliondoka mwaka juzi, mwezi wa kumi, na tangu siku hiyo banda limekaa tupu. Nalipita kama mtu anavyompita jirani aliyegombana naye. Leo nimefungua milango yote miwili. Njiwa wakatoka. Harufu bado ipo — maziwa, majani makavu, ng'ombe wenyewe. Nikasimama katikati nikasahau kilichonipeleka.

Mpango: upande wa kusini benchi la kazi, jiliwa la baba la kubania vyuma, kompresa. Upande wa kaskazini trekta zangu za bustani, zote sita, zikae mstari mmoja kama walivyokaa ng'ombe. Klabu ya wapenda trekta kuukuu inakuja kuziona Jumamosi tarehe 16 Juni. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Wiki sita hazifiki! Mke wangu Marlys anasema mwanamke mwenye akili angekuwa ameshamhama mume wa namna hii.

Alhamisi, 10 Mei

Orlin kaja na mashine ya kuchanganyia zege. Tumeuziba mfereji wa samadi, mwanzo hadi mwisho. Orlin ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, shamba lake liko ng'ambo ya bonde, na hajawahi kunyamaza dakika tano mfululizo. "Miaka arobaini umekoroga mavi humu, Gaylen, leo unataka watu wale keki humuhumu!" Nikamwambia kipande chake nitamwekea pale palipokuwa pabaya zaidi.

Halafu akakanyaga zege bichi. Buti zima. Tumeiacha alama yake mlangoni, wajukuu wajue nani aliharibu kazi.

Mgongo unauma. Nalala saa mbili, kama kuku.

Jumanne, 15 Mei

Chokaa. Chokaa kutani, chokaa kwenye nywele, chokaa kwenye kahawa.

Juu ya kila kizimba bado kuna kibao cha jina la ng'ombe, mwandiko wa mama, rangi ya bluu. Dagny. Petunia. Duchess. Mama alikuwa anaandika kibao kabla ndama hajakauka vizuri. Marlys alitaka kuvishusha tutundike vibati vya matangazo. Nikasema hapana. Akaniangalia, akachukua brashi ndogo, akapaka chokaa kuvizunguka, polepole.

Kwa hiyo ile trekta ya njano, iliyokuwa ya baba mkwe, itakaa chini ya Dagny. Wanafanana — wote wawili hawaamki asubuhi bila kutukanwa.

Ijumaa, 18 Mei

Marlys katoboa vitako vya ndoo za maziwa, kapitisha nyaya, kazigeuza vifuniko vya taa. Nilimcheka. Kisha akawasha swichi. Mwanga ukashuka juu ya benchi, wa manjano, mtulivu, kama ule wa saa kumi na moja asubuhi baba alipokuwa anakamua na sisi bado tuna usingizi machoni. Nikaacha kucheka.

Jioni samaki wa kukaanga ukumbini kwa zimamoto. Orlin kamsimulia kila mtu habari ya buti lake kana kwamba ni sanamu.

Jumapili, 20 Mei

Tumetoka kanisani tu, simu ikalia. Solveig, kutoka mji wa Duluth. Marlys kamweleza habari ya tarehe 16. Anakuja! Anafika Alhamisi ya wiki hiyo, atakaa mpaka Jumapili. Mdogo wangu wa pekee, na hajaingia banda hili tangu tumzike baba, miaka kumi na moja.

Nikasema karibu, karibu sana. Nikaweka simu.

Kona ya nyuma bado sijaigusa. Nimepaka chokaa hadi nguzo ya mwisho nikaishia hapo. Marlys ameona.

Jumatano, 23 Mei

Nimefunua turubai.

Haya sijawahi kuyaandika popote. Basi niandike, hakuna anayesoma.

Julai 1969. Mimi nina miaka kumi na tatu, Solveig sita. Masika yale baba alikuwa amenunua trekta nyekundu ya kukatia nyasi, mpya, hakuna mwingine mlimani kwetu aliyekuwa nayo. Kazi ya kukata akanipa mimi. Nilivimba kichwa! Siku ile nilikuwa narudi nyuma, natoka kwenye mitufaha. Sikugeuka kuangalia. Solveig alikuwa ananiletea maji. Injini na kelele zake, sikumsikia. Visu vilikuwa vinazunguka.

Mguu wa kulia. Hospitali wakaukata juu kidogo ya kifundo.

Baba aliisukuma trekta kwa mikono mpaka kona ile, akaifunika, akaifunga kamba. Kisha tukakamua, maana ng'ombe hawangoji. Hakuna aliyenilaumu. Hakuna aliyesema lolote — si siku ile, si mwaka ule, hadi wazee wote wawili wamekwenda. Nami sikusema. Solveig akajifunza kutembea upya. Akapanda baiskeli, akaolewa, akafundisha watoto kuogelea miaka thelathini. Krismasi tunakaanga chapati zetu za viazi pamoja, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Hilo moja hatuligusi.

Panya wamekula kiti. Matairi yamelala bapa. Vinginevyo nzima. Nilitegemea nikute kutu. Kumbe nyekundu vilevile, kama imeletwa jana!

Jumamosi, 26 Mei

Orlin kaiona. Yeye anajua, huku kila mtu anajua. Akavua kofia. Dakika tano zikapita kweli. Mwishowe akasema niipeleke kwake, ghala lake la tumbaku ni tupu, ikae huko mpaka dada yangu aondoke. Kwamba si kuficha, ni kumpumzisha mtu.

Nilikubali haraka mno.

Tukaipandisha kwenye trela kwa winchi. Kona nikaipaka chokaa mara tatu. Sasa ni nyeupe kuliko banda zima. Inaonekana kutoka mlangoni!

Jumatatu, 4 Juni

Siku nzuri. Ile trekta ya bluu, niliyoinunua ikiwa vipande ndani ya makreti mawili, imewaka! Nimesafisha kabureta mara nne, nimebadilisha plagi, nikavuta — ikapiga chafya, ikakohoa, kisha ikatulia na ule mlio. Wa zamani. Mashine za siku hizi zinazomea, hizi zilikuwa zinahesabu. Nikaiacha ihesabu. Nikawa tena na miaka kumi na miwili, Jumamosi, nywele zimekatwa kwa ajili ya kanisa, na kila ua wa bonde zima una mlio huo mmoja.

Marlys kaja na kalenda ya 1968 ya duka la chakula cha mifugo, kaikuta darini. Tumeitundika juu ya meza ya jikoni ya mama. Birika la kahawa hapo, vikombe, redio. Redio inashika stesheni moja tu, ya muziki wa polka. Inatosha.

Orlin kaleta kibati cha wakala wa trekta wa mjini, lile duka lililofungwa tukiwa vijana. Hasemi kakipata wapi. Sijauliza.

Alhamisi, 14 Juni

Solveig kaja. Kaputula, miwani ya jua, mguu wa bandia mpya wa kijivu, anautembeza kama gari jipya. "Kaka, umezeeka!" Nikamwambia mdogo wangu, kioo hukupakia kwenye gari? Tukala pai ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini, na kahawa, kisha akanishika mkono twende bandani.

Alipenda kila kitu. Ndoo za taa. Meza ya mama, akaipapasa kwa viganja. Alisoma vibao vyote kwa sauti, akafika kwa Duchess akasema huyu alinipiga teke. Alikaa juu ya trekta ya njano, juu ya ile ya kijani, akapiga honi ya ile ya bluu. Nilikuwa nafurahi. Nasema kweli, nilikuwa nafurahi.

Kisha akafika kwenye ile kona.

"Nyekundu iko wapi?"

"Ipi?"

"Gaylen. Ipi!"

Nikasema niliiuza. Chuma chakavu, zamani sana. Uongo ulitoka laini, kama ulikuwa umepakwa grisi.

Nilitegemea ashushe pumzi. Akakaa juu ya kreti, macho yakamjaa machozi.

"Hukuniuliza."

"Nilidhani hutaki kuiona."

"Ulidhani. Miaka arobaini na tisa unadhani tu!" Akajifuta kwa mkono. "Unakumbuka kitoroli? Ulikifunga nyuma, ukaniweka mimi na paka, ukatupeleka mpaka sanduku la posta. Kila siku, Mei nzima, Juni nzima. Nilikuwa naruka kabla hujasimama. Peku, kwenye changarawe, nakimbia kukupita. Nikitaka kukumbuka miguu yangu miwili, nakumbuka pale. Ile siku yenyewe sina, kaka. Nilizinduka hospitali. Mimi nina siku sitini nzuri, wewe unayo moja mbaya, na umeziuza zote pamoja."

Akatoka. Nikabaki na redio.

Kitoroli! Nilikuwa nimekisahau. Naapa, nilikuwa nimekisahau kabisa. Paka aliitwa Pelle.

Ijumaa, 15 Juni

Asubuhi Marlys kanikuta nafagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Kasema nimwambie Solveig leo hii, la sivyo atamwambia yeye, na yeye hatanisitiri.

Solveig alikuwa kibarazani, anafunga mguu. Nikakaa ngazi ya chini ili nisimwangalie usoni. Nikamwambia sikuiuza. Iko kwa Orlin, kwenye ghala la tumbaku, tangu wiki tatu zilizopita. Nikasikia ameacha kufunga mikanda.

Nikaendelea, maana ningesimama nisingeanza tena. Nikamwambia sikugeuka. Kwamba baba alinifundisha kugeuka kila mara, na siku ile sikugeuka kwa sababu nilikuwa najiona mkubwa. Kwamba sijawahi kumwomba msamaha, na namwomba sasa, na najua ni kuchelewa kijinga.

Kwenye mti wa jirani ndege anapiga kelele zake.

"Najua hukugeuka," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nyuma."

Akaanza kucheka! Akacheka, mimi nikalia, kisha yeye naye akalia, Marlys akafungua mlango akatuona akaufunga. Sijui tulikaa muda gani. Solveig kasema alikuwa ananisubiri. Alijua nikisukumwa nitatoroka, akaamua kungoja. Kwamba kuna miaka alikasirika sana. Si kwa ajili ya mguu — kwa sababu tangu siku ile sikumpandisha tena kwenye chochote. Si baiskeli, si farasi, si gari nilipopata leseni. "Niliumia mguu, nikapoteza na kaka." Hilo nimelibeba mchana kutwa. Bado nalo.

Halafu, kwa ile sauti yake ya kuamrisha watoto bwawani: kesho mapema, kabla klabu haijafika, tunaenda kuichukua. Na nisithubutu kuipaka rangi.

Jumamosi, 16 Juni

Naandika ndani ya pikapu, daftari juu ya goti. Saa mbili asubuhi, uani kwa Orlin. Nimewaambia natafuta miwani. Ninayo usoni.

Klabu inafika saa nne. Marlys kabaki kupanga vitumbua na soseji.

Orlin kafungua milango ya ghala. Imekaa pale ndani, imejipaka vumbi la tumbaku. Solveig aliingia peke yake, akazunguka, akaweka mkono kwenye boneti, akakaa hivyo. Kisha akatoka na kusema kiti atakishona mwenyewe.

Tatizo njia ni nyembamba. Ukuta huku, mtaro kule. Lazima nirudi nyuma na trela hadi mlangoni.

Orlin alitaka kuniongoza. Solveig kamwambia, "Sogea, mzee, wewe unaongea mno, dereva hatanisikia." Naye akaenda kusimama nyuma. Katikati kabisa ya njia.

Kuna jambo hata Marlys sijamwambia. Mtu akiwa nyuma mimi sirudi. Nazima injini, nashuka, namwomba ahame, nahakikisha kwa macho, napanda tena. Shambani walidhani ni utaratibu wangu.

Nimetoa kichwa dirishani nimemwomba asogee pembeni. Kakataa. Kasema pembeni haoni magurudumu.

Namwona kwenye kioo. Kaputula ileile. Mguu mmoja wa kijivu, mmoja uliochomwa na jua. Ameinua mikono yote miwili.

"Kaka! Unaandika barua? Watu wanakuja!"

Orlin anacheka.

Nimeweka gia. Mguu uko kwenye breki, hauachii, na mimi ni babu wa watu. Nimegeuka — si kioo, nimegeuza shingo hadi inauma. Yuko pale. Anarudi hatua moja, ananipa nafasi, ananiita kwa vidole.

"Njoo. Nakuona. Njoo tu."