Mota Inayojiwasha

Jumatatu, 27 Mei
Maji yamepungua tena. Yalikuwa yanatoka kwa nguvu, yamejaa mdomo wote wa bomba; leo yanatoka unene wa kidole gumba. Kitalu cha mpunga kimeanza kuwa cha njano. Mke wangu Sukhpal akauliza kwa nini mota ya kisima iliunguruma jana kutwa ilhali shamba lilikuwa limeshalowa. Nikamwambia ni ile swichi ya kujiwasha. Umeme ukija, inawaka. Nani ahangaike kuizima? Umeme wenyewe wa bure.

Akachukua jembe, akaenda kitaluni.

Jumatano, 29 Mei
Mkutano wa kampeni, nje ya gurudwara, hekalu letu. Mgombea ni mwanamke, daktari wa mifugo — ndiye aliyemzalisha nyati wetu wa maziwa. Akasema waziwazi: maji ya ardhini yanaisha, kila kisima kiwekewe mita, tulipe kidogo. Hapo kaka yangu Bhola akasimama. “Dada, anzia kwa baba yako!” Mwingine akadakia: “Na nyati nao watalipia nyasi?” Watu wakacheka hadi wakakohoa. Chai yake walikunywa yote, na vitamu vyake vya jalebi wakamaliza.

Bhola mwenyewe kashachimba upya kisima chake mara mbili. Nilijua yule mama anasema kweli. Mikono yangu ilikuwa mapajani, ikabaki hapohapo.

Jumamosi, 1 Juni
Nimepiga kura. Joto kali. Yule mgombea mwingine anaahidi umeme wa bure saa zote. Nimempa yeye. Nilidhani nitaona aibu — wala.

Njiani Sukhpal: “Umempa nani, baba Jeeti?” Nikasema kura ni siri.

“Haya. Kakielezee kitalu.”

Jumapili, 2 Juni
Asubuhi bomba limekohoa, likatema mchanga, basi. Fundi wa visima kateremsha kamba: pakavu. Tuchimbe zaidi au tuache, anasema. Bhola kapita na trekta. “Pole, mdogo wangu. Lakini kura tutashinda, utaona!”

Sukhpal yuko kitaluni, anamwagia miche maji ya kunywa kwa jagi. Jagi!

Umeme umerudi sasa hivi. Nasikia mota zinawaka shamba hadi shamba. Ya Bhola. Na yetu pia — inaunguruma ndani ya kisima kikavu. Itaungua nisipoizima. Sukhpal ananiita, mara ya pili sasa. Swichi iko hapo mlangoni, hatua chache tu. Nimekaa. Naisikiliza.